Kikapu na Viluwiluwi Mgongoni mwa Mzinga

Thabiti bin Muhidini alikuwa hawezi kuona ufa akaupita. Hiyo ndiyo ilikuwa tabu yake, na hiyo hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Watu wa Mikindani walimwita Fundi Kalafati, maana tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuziba mashua. Alisokomeza pamba iliyolowa mafuta katika kila mwanya wa mbao, kisha juu yake akakandika deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na sifa, yale mafuta ya papa ambayo ukiyashika leo mkeo atakuhamishia barazani mpaka kesho kutwa. Ukimkaribisha nyumbani, kabla hajanywa maji keshaona ukuta ulipopasuka, na kidole gumba kimeanza kumwasha. Mkewe, Mwanaamina, alikuwa akisema, "Huyu mume wangu siku akikosa ufa wa kuziba, atanijia na deheni anizibe masikio." Na Mwanaamina alikuwa na matundu mapana ya majasi masikioni, kwa hiyo hofu yake haikuwa ya bure.

Basi miaka ya sabini ilipoingia, kazi ya mashua ikawa ya kudonoadonoa, leo ipo kesho haipo. Thabiti akaenda Mtwara mjini kutafuta kibarua, akakipata kambini kwa wanajeshi, cha kupaka rangi. Akapaka mabanda, akapaka malango, akapaka mpaka mawe ya kando ya njia. Ndipo akaonwa na Luteni Danieli, kijana wa bara mwenye sauti ya upole, aliyekuwa amepewa kazi ya kuanzisha makumbusho madogo pale kambini. Alikuwa na banda moja, na ndani yake magobori, kofia za chuma zilizotoboka, na mizinga ya vita vya zamani. Luteni akamwambia, "Fundi, hivi vitu nataka ving'ae." Ebo! Kumwambia Thabiti kitu king'ae ni sawa na kumtuma paka akalinde samaki.

Masika ya mwaka ule wanajeshi wakaleta mzinga mmoja kutoka Kitaya, kule kando ya Ruvuma. Waliukuta umelala shambani kwa mtu, nusu umezama ardhini, mwenye shamba anaanikia mihogo juu yake. Ulikuwa mfupi na mnene, na magurudumu yake ya mbao yalikwisha kuliwa na mchwa, hata ikabidi mafundi wa kambi wachonge mengine. Thabiti akakabidhiwa. Akausugua kutu kwa mchanga na maganda ya nazi, na alipofika mgongoni, karibu na kitako chake, akakuta vishimo na mikwaruzo iliyojaa kutu.

Mtu mwingine angeuliza, jamani, hivi ni vitu gani? Thabiti hakuuliza. Kidole gumba ndicho kilichouliza, na kikajijibu chenyewe kwamba hapa maji yataingia. Akakoroga deheni, akaikandika, akailainisha mpaka mgongo wa mzinga ukawa laini kama shavu la mtoto. Juu yake akapaka rangi nyeusi, ikakauka, akarudia tena. Akapanda baiskeli yake kurudi Mikindani huku anaimba, na kila aliyekutana naye njiani alijua kwamba leo fundi ameziba kitu.

Jioni walikaa kula, yeye na mkewe na baba yake, Mzee Muhidini. Palikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Thabiti akasema, kwa majivuno kidogo, "Leo nimemaliza mzinga mzuri sana. Umetoka Kitaya."

Tonge la Mzee Muhidini likasimama njiani. "Umetoka wapi?"

"Kitaya, Baba."

"Mfupi? Mnene?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee akalirudisha tonge sahanini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za njaa. "Thabiti mwanangu. Mgongoni umekiona kikapu?"

Hapo lazima niseme habari ya kikapu, la sivyo hutanielewa. Mzee Muhidini alipokuwa barobaro, ile vita ya kwanza ya Mwingereza na Mjerumani ilimkuta hapa hapa Mikindani. Waingereza walimchukua pamoja na vijana wenzake wawakokotee mzinga wao, kupanda vilima na kushuka mabonde, mpaka Ruvuma. Mtoto gani wa Mikindani hakukijua kisa hicho? Mzee alikisimulia harusini, alikisimulia kwenye hitima, alikisimulia kwa mtu aliyekuja kuomba chumvi tu. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa, wa kwanza kwenye kamba, na wengine wote wakifuata mgongo wake. Na kwamba mzinga ule ulikuwa na alama ambayo hataisahau mpaka aingie kaburini: kikapu, na juu ya kikapu viluwiluwi viwili, kimoja mkia juu, kimoja mkia chini, na mwisho kijiti. Kusoma hakujua, lakini macho alikuwa nayo.

Wenzake aliokokota nao walikwisha kufa wote. Shahidi hakubaki. Alichobaki nacho ni binamu yake, Mzee Abdallah.

Abdallah alikuwa mtoto wa mjomba wake, na binamu ni mtani, na utani ni haki ya mtu, hanyang'anywi. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele za watu, anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria, na wewe ucheke. Ukikasirika umeshindwa. Hata msibani mtani ana kazi yake: atamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokohoa, atazuia jeneza njiani, na hakuna wa kumwambia nyamaza. Abdallah tangu zamani alikuwa amekwisha kutangaza atakachofanya. "Siku yako ikifika, Binamu," alikuwa akisema, na baraza zima likisikiliza, "nitasimama mbele ya jeneza lako niwaambie Waislamu: anayepita hapa ni Muhidini, aliyekokota mzinga wenye kikapu! Jamani, mzinga wa kwenda nao sokoni!"

Baraza likivunjika mbavu. Muhidini naye akicheka, afanyeje? Lakini Thabiti alijua. Mwaka mmoja baba yake alishikwa na homa kali, akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, kufa siogopi, kila nafsi itaonja. Naogopa kusindikizwa na kicheko, niitwe mwongo nami sina ulimi wa kujibu." Maneno yale yalimwingia Thabiti mpaka kwenye mifupa, na kila alipomsikia Abdallah akiahidi utani wake, aliyakumbuka.

Sasa tumwache hapo, turudi kwenye ugali.

"Umekiona kikapu?" Mzee akauliza tena.

Kidole gumba cha Thabiti kikakumbuka. Kilikumbuka kila kishimo, kimoja kimoja, na jinsi kilivyoteleza juu yake kwa raha. "Baba," akasema, "kulikuwa na vishimo. Nimevi... nimeviziba."

"Umeviziba?"

"Kwa deheni."

"Deheni gani? Ile niliyokufundisha mimi?"

"Hiyo hiyo, Baba."

Mzee akaisukuma sahani. "Basi haitoki," akasema, na hapo hapo Thabiti asijue kama sauti ile ilikuwa ya majonzi au ya kujisifu. Mwanaamina aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, akakimbilia jikoni na sahani ambayo ilikuwa bado na chakula.

Mikindani siri haikai. Asubuhi, chai haijachemka, Abdallah keshafika na mkongojo wake. "Hodi! Nimesikia mzinga umepatikana, lakini kikapu kimekandikwa! Ukoo huu jamani! Baba kapika uongo, mtoto kauwekea mfuniko!"

"Mfuniko utafunuliwa," alisema Muhidini, lakini kwa sauti ndogo.

Thabiti aliendesha baiskeli mpaka kambini hana wimbo. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Luteni. Alipofika, akamkuta Luteni Danieli ameinama juu ya mzinga wa Kitaya, anaupapasa mgongo kama mtu aliyepoteza kitu.

"Fundi, afadhali umekuja. Sabasaba hii tutawafungulia wananchi waje kutazama, na kila mzinga nataka uwe na kibao chake. Alama za mzinga ndizo zinazotuambia ni wa nani na namba yake ni ipi. Mzinga usio na alama ni kama mtu asiye na jina. Kwenye mizinga mingine yote ninaziona. Huu mbona hauna?"

"Ulikuwa nazo, Afande."

"Zimekwenda wapi?"

"Nilidhani ni vidonda," alisema Thabiti. "Nikavitibu."

Luteni alivua kofia yake, akakaa juu ya sanduku. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega. Alipomaliza kucheka akachomoa kisu kidogo mfukoni ili aanze kukwangua. Thabiti akamdaka mkono. "Hapana, Afande! Ukitia chuma juu ya chuma utalifuta jina lenyewe. Hii ina dawa yake." Na kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akamsimulia yote, ya baba yake na ya kikapu na ya jeneza. Luteni akasikiliza bila kumkata. Huko kwao bara nako kulikuwa na watani, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mlete Mzee," alisema. "Naye ashuhudie."

Siku iliyofuata Thabiti akamleta baba yake. Abdallah hakualikwa na mtu, lakini alikuwa wa kwanza kupanda gari, amevaa kanzu yake ya Idi na kofia mpya. "Siku binamu yangu anaaibika, mimi nivae matambara?" aliuliza.

Dawa ya deheni iliyokauka kila fundi wa pwani anaijua: moto. Mashua ikipandishwa ufukweni kusafishwa, unawasha makuti makavu ukaupitisha moto chini yake, deheni kuukuu ikalainika, ukaikwangua. Thabiti alikuwa amekuja na mzigo wa makuti. Wakautoa mzinga nje uwanjani, akafunga kienge, akakiwasha, akaanza kuupitisha moto mgongoni mwa mzinga, taratibu, kama alivyofanya maisha yake yote.

Alichosahau ni kwamba hapa si ufukweni. Askari wa lindo kule langoni alitazama akaona moto unawaka juu ya mzinga. Mama yangu! Filimbi ikalia, watu wakalala kifudifudi, mmoja akaingia ndani ya pipa. Luteni alipiga kelele kwamba mzinga ni mtupu, ameukagua mwenyewe, ndani hamna kitu ila kichuguu cha mchwa, lakini nani alimsikia? Wapishi walikuja mbio na ndoo za maji. Ya kwanza iliukosa mzinga ikampata Mzee Abdallah, kanzu ya Idi yote.

"Naona wameanza na wewe," alisema Muhidini, na ile ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu juzi.

Mambo yalipotulia, Thabiti akarudia moto wake. Harufu ya sifa ikapanda, ikatanda kambi nzima, na askari mmoja akaja kuuliza kama leo ni papa. Rangi ikatutumka, deheni ikalainika. Thabiti akachukua kipande cha kifuu alichokichonga ncha, akaanza kuitoa kidogo kidogo, huku akiupuliza kila mstari. Maisha yake yote alikuwa akiziba. Kuzibua hakuwahi kufundishwa na mtu.

Mstari wa kwanza ukatoka. Ukawa mviringo wenye mkia.

"Kiluwiluwi!" alipiga kelele Muhidini. "Kiluwiluwi hicho! Nilisema mimi!"

Watu wakasogea. Thabiti akaendelea, jasho linamtiririka. Zikatoka alama zote, akazifuta kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja. Sasa Abdallah wakati ule alikuwa mwanafunzi hodari wa kisomo cha watu wazima, kila alasiri yuko darasani na ubao wake, na hakuwa akikosa nafasi ya kusoma chochote chenye maandishi, hata gunia la mbolea. Akajipenyeza na kanzu yake mbichi, akasimama nyuma ya kitako cha mzinga, akasoma kwa sauti ya mwalimu:

"Moja. Sita. Tisa."

Akamgeukia binamu yake. "Kijiti chako ulisema kiko wapi?"

"Mwisho," alisema Muhidini. "Viluwiluwi viwili, halafu kijiti."

"Hapa kijiti kiko mwanzo. Na kikapu ulisema kiko chini ya viluwiluwi. Hapa chini hamna kitu. Kilicho juu ni kofia."

"Ni taji, Mzee," alisema Luteni. "Taji la mfalme wao."

Mzee Muhidini alisogea akatazama. Alitazama sana. Ilikuwa kweli, kijiti mwanzo, na juu ya yote kile kitu chenye ncha ncha ambacho hata mtoto asingekiita kikapu. Luteni akamshika bega. "Mzee, mizinga ya namna hii ilikuwa mingi, kila mmoja na namba yake. Huenda wako ulikuwa mwingine. Labda bado umelala mahali huko." Alisema kwa wema, na wema ule ndio uliouma, kwa sababu mtu hamwonei huruma mtu aliyesema kweli.

Cha ajabu ni kwamba Abdallah hakucheka. Alikuwa ameingoja siku hii nusu ya umri wake, ikaja, naye akamtazama binamu yake usoni akakuta hana hamu. "Twende zetu, Binamu," alisema. "Nimelowa, tukanywe chai."

Thabiti alisimama na kifuu chake mkononi. Laiti ningeliacha, aliwaza. Deheni ingekaa, na Baba angeendelea kusema kikapu kimo ndani, kimo ndani, mpaka mwisho wake. Mara ya kwanza kufungua ufa, na nimeufungua chini ya baba yangu.

Mvua nayo ikachagua saa ile kudondoka. "Urudisheni bandani!" aliamuru Luteni. Wanajeshi warefu wakafunga kamba kwenye mkia wa mzinga, wakavuta. Magurudumu yalikuwa yamezama mchangani, mzinga ukakataa. "Wengine waende nyuma wasukume!" Luteni alipiga kelele.

Mzinga ukivutwa, ndugu yangu, huenda kinyumenyume. Mkia unatangulia na mdomo unabaki nyuma. Hakuna aliyemwita Mzee Muhidini. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke na binamu yake. Lakini lile neno "wasukume" liliingia sikioni, likashuka miguuni, na miguu ikageuka yenyewe. Akaenda mdomoni mwa mzinga, akainama, si sana, maana alikuwa mfupi, akikaa kitini miguu yake haifiki chini, inachezea hewani. Akatia bega la kulia chini ya mdomo wa mzinga, kidevu akakilaza juu ya chuma, jicho likatazama mgongo wote wa mzinga mpaka kitakoni. Akafumbua kinywa aanze ule wimbo wa kusukumia.

Wimbo haukutoka. Kilichotoka ni ukelele. "Simameni! Kamba simamisheni! Thabiti! Njoo hapa!"

Thabiti alikimbia. Mzee akamshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto wa kunyolewa, akamlaza kidevu pale pale juu ya chuma chenye maji ya mvua. "Tazama. Unaona nini?"

Thabiti akatazama. Kule mbali juu palikuwa na kiluwiluwi mkia juu, kiluwiluwi mkia chini, na mwisho kijiti. Chini yake, karibu na jicho, taji la mfalme lilikuwa limepinduka, limefumbua mdomo wake juu. Lilikuwa kikapu. Wallahi lilikuwa kikapu, hata mihogo ungetia.

"Kikapu, Baba!" alisema, na machozi yakamtoka bila haya. "Nakiona! Viluwiluwi, na kijiti mwisho, vyote!"

Luteni aliinama akatazama, akapiga goti lake kwa kofi. Wanajeshi wakaja mmoja mmoja. Mwisho wakampisha Abdallah. Mzee yule aliinama kwa taabu, akalaza kidevu, akasoma polepole kama yuko darasani. "Sita. Tisa. Moja." Akakaa vile vile muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa unafunguka taratibu, na Thabiti akajua hapa bado kuna neno.

"Binamu," alisema Abdallah kwa upole mwingi. "Mzinga ni wako. Nashuhudia mbele ya Mungu na jeshi lake hili. Lakini nijibu moja tu. Ili uione alama hivi, ulikuwa umesimama wapi?"

Mzee Muhidini akaanza kukung'uta mchanga kwenye shuka yake.

"Mbele? Kwenye kamba? Wa kwanza?"

Mzee akazidi kukung'uta.

"Nyuma!" Abdallah alipiga ukelele uliosikika mpaka kijiji cha Mtawanya. "Alikuwa nyuma! Miaka yote hii! Alikuwa nyuma anasukuma!" Akakaa chini matopeni na kanzu yake ya Idi, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Kamba walipewa warefu," alisema Muhidini, huku amejitutumua. "Mimi na kimo hiki, mngetaka niseme nini?" Kisha akashindwa na yeye, akacheka, na wanajeshi wakacheka, na Luteni Danieli, hali anacheka, akasimama wima akampigia saluti. Mzinga wakausahau mvuani.

Kibao alikiandika Thabiti mwenyewe kwa rangi nyeupe, kwa maneno ya Luteni, na nusura kizue ugomvi. Mzee alitaka kiseme mzinga ule "ulikokotwa" na Muhidini wa Mikindani. Abdallah alikuja kambini kwa ajili hiyo tu, akasimama nyuma ya fundi mpaka neno "ulisukumwa" lilipokauka. Siku ya Sabasaba watu walijaa, na kila aliyefika kwenye mzinga wa Kitaya alipangwa foleni alaze kidevu mdomoni aone kikapu. Mzee Muhidini alikaa kando kwenye kiti, miguu inaning'inia, akipokea shikamoo. Alama zenyewe zikabaki wazi. Kidole gumba cha Thabiti kilimwasha kila alipozipita, akakitia mfukoni.

Mzee aliishi Sabasaba nyingine tatu. Alifariki mwaka wa sabini na tano, alfajiri, baada ya sala, bila kumsumbua mtu. Mwanaamina alilia kama aliyefiwa na baba yake mwenyewe.

Wakamswalia, wakalinyanyua jeneza, wakashika njia. Thabiti alikuwa amebeba upande wa mbele. Na pale njia inapokata kuelekea makaburini akamwona Mzee Abdallah amesimama katikati, na mkongojo ameunyoosha, na kanzu ni ile ya Idi. Watu wakasimama. Hakuna aliyemwambia mtani apishe.

"Mnambeba nani?" aliuliza Abdallah.

"Muhidini," walijibu.

"Yule mwongo?" Sauti yake ilitetemeka, akaikaza. "Yule aliyetuambia maisha yake yote kwamba alikuwa mbele? Mwongo mkubwa! Nimeona kwa macho yangu, nimelaza kidevu changu. Alikuwa nyuma. Wengine walishika kamba wakasifiwa, na yeye alitia bega pale ambapo hakuna anayetazama." Kicheko kilianza huku na huko, kikaingiliana na kilio. "Jamani, leo ndiyo siku ya kwanza huyu binamu yangu yuko mbele kweli. Mpisheni apite."

Akashusha mkongojo, akasogea kando. Jeneza lilipompita akalifuata, akaenda upande wa nyuma, akamgusa mbebaji wa mwisho ampishe, akatia bega.